TTCL ipimwe kwa kebo, si kwa laini

Kila Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inapotoa takwimu zake za robo mwaka, maneno kuhusu Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) huwa yaleyale. Watu wanafungua jedwali la laini za simu, wanashuka mpaka chini, wanalikuta shirika la umma likiwa na chini ya asilimia 5 ya laini zote, halafu wanahitimisha kwamba limekufa, limebaki kuzikwa tu. Jedwali halidanganyi. Linachojibu ni nani ana laini nyingi mifukoni mwa watu, na kwenye hilo TTCL ilishapitwa zamani, kwa sababu zinazojulikana.

Kuna jambo ambalo jedwali halina safu yake. Mtu anatoa pesa kwenye ATM Bukoba. Hospitali ya mkoa Songea inaingiza taarifa za mgonjwa kwenye mfumo. Mteja wa kampuni nyingine kabisa ya simu anaangalia video akiwa Sumbawanga. Data zao zinafika Dar es Salaam kwa kebo ya nani? Mara nyingi ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mtandao mkuu wa kebo unaounganisha mikoa, na anayeusimamia mkongo ni TTCL. Shirika hili ni mwenye barabara anayepimwa kwa idadi ya abiria wa daladala yake. Kukua kwake kutaamuliwa na mambo mawili ambayo hayapendezi kwenye bango: saa zinazotumika kuunga kebo iliyokatika, na mita mia tatu za mwisho kabla ya nyumba ya mteja.

Tuanze na hizo sababu zinazojulikana, maana zinasahaulika upesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma za posta na simu za nchi tatu ziligawanyika, na Tanzania ikaunda Shirika la Posta na Simu. Januari 1, 1994 shirika hilo likagawanywa: posta ikaenda kwake, simu ikawa TTCL, na usimamizi wa sekta ukapewa Tume ya Mawasiliano, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na tume ya utangazaji ikawa TCRA. Hivyo TTCL ilianza maisha yake mwaka uleule ambao kampuni binafsi za simu za mkononi zilianza kuingia nchini. Yenyewe ikiwa na nguzo, nyaya za shaba na foleni ya watu wanaosubiri kuunganishiwa simu ya mezani, wenzake wakiwa na minara.

Februari 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya hisa kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Mwaka huohuo ikazaliwa Celtel Tanzania, kampuni ya simu za mkononi iliyokuwa tanzu ya TTCL. Agosti 2005 ikatenganishwa na mama yake. Yaani miaka ambayo Watanzania walikuwa wananunua simu yao ya kwanza, biashara ya simu za mkononi ilikuwa inatoka mlangoni. Mtoto alihama na ng'ombe wa maziwa. Celtel ikawa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Zile asilimia 35 za TTCL nazo zikafuata mkondo uleule wa wamiliki, mpaka zikawa mikononi mwa Bharti Airtel. Fikiria duka ambalo mbia mwenye theluthi yake anamiliki pia duka la pili yake, linalouza bidhaa ileile. Huyo mbia ataongeza mtaji duka lipi? Serikali ilizinunua hisa hizo mwaka 2016 kwa shilingi bilioni 14.9. Katikati hapo SaskTel ya Canada iliitwa kuendesha shirika kwa mkataba ulioanza 2007, na mwaka 2009 ikaondoka.

Mgogoro wa nani hasa mwenye Airtel Tanzania ulikuja baadaye, ukaisha mwaka 2019 kwa Serikali kupandishiwa hisa zake kutoka asilimia 40 hadi 49. Tusikae sana hapo. La maana kwa makala haya ni kwamba TTCL ilipopata mwenye mali mmoja, soko la laini lilikuwa limeshagawanywa.

Na ilipojaribu kurudi peke yake, iliingia kwa mguu mbaya. Huduma zake zisizo na waya za katikati ya miaka ya 2000 zilitumia teknolojia ya CDMA. Kwa sauti na intaneti haikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa simu yenyewe: aliyetaka laini ya TTCL alihitaji simu au modemu ya CDMA, wakati simu yoyote iliyonunuliwa Kariakoo ilikuwa ya GSM, unachomeka laini ya kampuni yoyote na kupiga. Mteja wa GSM simu ikiharibika anaazima ya ndugu yake. Wa TTCL alikuwa anarudi dukani. Wateja hawapotei kwa sababu ya bei peke yake. 4G ya TTCL ilizinduliwa Desemba 2015, wakati wenzake wameshajenga hadi vijijini, na Halotel, iliyoanza kutoa huduma mwezi Oktoba mwaka huohuo, iliingia sokoni ikiwa tayari imetandaza faiba yake yenyewe, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga.

Sheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyobadilisha sura. Kampuni ikawa Shirika la Mawasiliano Tanzania kuanzia Februari 2018, na sheria hiyo ikalipa jukumu la kusimamia miundombinu ya kimkakati ya mawasiliano. Neno "kimkakati" lina uzito kuliko linavyosikika. Maana yake ni kwamba TTCL inapewa kazi ambayo kampuni ya faida isingeikubali kwa bei ileile: kufikisha kebo wilayani ambako wateja ni halmashauri, hospitali na benki moja. Kwenye mizania kazi hiyo inaonekana kama gharama tu.

Sasa tuje kwenye mkongo wenyewe. Ujenzi ulianza mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China, mkandarasi akiwa CITCC ya huko huko. Sehemu ya njia ni kebo iliyofukiwa kando ya barabara kuu. Sehemu nyingine ni nyuzi za faiba zilizomo ndani ya waya wa juu kabisa wa njia za umeme za TANESCO, ule unaokinga radi. Umefungwa kwa mizunguko mitatu, wa kaskazini, wa kusini na wa magharibi, na kutoka humo zinachomoka njia za kwenda mipakani: Namanga na Sirari kwa Kenya, Mutukula kwa Uganda, Rusumo kwa Rwanda, Kabanga kwa Burundi, Tunduma kwa Zambia, Kasumulu kwa Malawi. Nchi zisizo na bahari zinanunua njia ya kufikia kebo za baharini zinazotua Dar es Salaam, SEACOM tangu 2009 na EASSy tangu 2010. Hapo TTCL inafanya biashara ambayo haimo kwenye jedwali la laini.

Mzunguko una faida moja kubwa. Kebo ikikatika mahali pamoja, data zinageuza na kupita upande wa pili; mteja anaona kasi imepungua kidogo au haoni chochote. Ikikatika mara mbili kwenye mzunguko mmoja, mikoa iliyo katikati ya mikato hiyo inabaki kisiwani. Kwa hiyo hatari kubwa hutokana na mkato wa kwanza uliochelewa kuungwa, kwa sababu kila saa inayopita ni saa ambayo mkato wa pili unaweza kutokea. Mtu anayetaka kujua kama mkongo unasimamiwa vizuri asiulize umekatika mara ngapi. Aulize mikato inakaa wazi saa ngapi.

Kebo hukatwa na nini? Kwa sehemu kubwa na kijiko cha mkandarasi wa barabara au wa maji. Faiba inapita kwenye hifadhi ya barabara, na hifadhi hiyohiyo ndiyo inayochimbwa barabara ikipanuliwa, bomba likilazwa, kalavati likibadilishwa. Mvua nayo inafanya yake: ukingo wa barabara ukimomonyoka, kebo inaning'inia na kuvutwa. Darajani ndiko kubaya zaidi, maana pale kebo haina udongo wa kuilinda. Zamani wezi walikuwa wanavuta kebo kutafuta shaba. Ndani ya faiba hakuna shaba, lakini mwizi anajua hilo akishakata.

Kazi ya kuunga inakwenda hivi. Kwenye kituo, fundi anachomeka OTDR, kifaa kinachorusha mwanga ndani ya uzi na kusikiliza unavyorudi. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kutokana na muda wa kurudi kifaa kinasema, kwa mfano, kuna mkato kilomita 41.3. Wengi hapo hudhani kazi imekwisha. Bado. Hizo ni kilomita za uzi, na uzi ni mrefu kuliko barabara: kwenye kila shimo la maungio kuna mita kadhaa za akiba zilizozungushwa, na ndani ya kebo nyuzi zenyewe zimesokotwa. Kwa njia ndefu tofauti inaweza kufika mia kadhaa za mita. Timu isiyo na mchoro wa njia ilivyojengwa kweli, unaoonyesha kila shimo na akiba iliyomo, inafika eneo sahihi na kuanza kutembea na tochi. Saa mbili zinakwisha kutafuta, dakika arobaini na tano zinatumika kuunga.

Baada ya kupata mkato, kebo inafukuliwa pande zote mbili hadi ipatikane sehemu isiyojeruhiwa, inavuliwa ganda, mafuta ya ndani yanafutwa, na nyuzi zinapangwa kwa rangi: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi na bluu bahari. Kumi na mbili kwa kila mrija. Kiini cha kila uzi kina upana wa mikromita 9, na mashine ya kuunga inavipanga viini viwili vitazamane kisha inaviyeyusha kwa cheche. Muungo mzuri unapoteza chini ya desibeli 0.1, desibeli ikiwa kipimo cha mwanga unaopotea njiani. Kisha vijimrija vya kukinga kila muungo, trei ya kupangia nyuzi, na kopo la maungio linalofungwa lisiingize maji.

Makosa hapa ni ya aina tatu. La kwanza ni kubadilisha nyuzi: kahawia ikaungwa na kijivu usiku wa manane kwa mwanga wa simu, na huduma moja ikarudi huku nyingine ikiwa bado imekufa. La pili ni kopo kufungwa bila mpira wake kukaa sawasawa, maji yakaingia, na baada ya mvua tatu mwanga ukaanza kupungua polepole. La tatu ni la kiutawala, na ndilo linalorudiwa: kebo imeungwa, huduma imerudi, lakini hakuna aliyeandika kwenye mchoro kwamba pale pameongezwa maungio mawili na mita thelathini za kebo. Safari ijayo OTDR itadanganya tena, kwa mita nyingi zaidi.

Mei 12, 2024 Watanzania wengi waligundua kwa pamoja kwamba Mkongo wa Taifa na kebo ya baharini ni vitu viwili. EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini na kwa majirani. Mkongo ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni njia ya kutokea nje upande wa kusini. Siku kama ile ndipo inapoonekana thamani ya tovuti na mifumo kuhifadhiwa ndani ya nchi, kwenye vituo kama Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama ambacho nacho kiko chini ya TTCL, na ya kampuni kubadilishana data hapahapa Dar es Salaam kupitia TIX, kituo cha kubadilishana data za intaneti, badala ya kuzipeleka Ulaya na kuzirudisha. Mfumo wa halmashauri uliohifadhiwa Kijitonyama hauna sababu ya kusimama kwa kebo iliyokatika baharini. Ule uliopangishwa ng'ambo kwa sababu ulikuwa rahisi kununua kwa kadi, unayo.

Hapa ndipo kwenye mgongano mkubwa wa TTCL. Inauza uwezo wa mkongo kwa kampuni za simu, halafu inakwenda sokoni kushindana na kampuni hizohizo kwa bando na laini. Mnunuzi wa jumla ana haki ya kujiuliza: bei ninayouziwa mimi ndiyo bei ambayo idara ya rejareja ya TTCL inajiuzia yenyewe? Bila hesabu zilizotenganishwa, hakuna anayeweza kujibu, hata menejimenti ya shirika. Matokeo yake ni kampuni kuchimba mtaro wao, pembeni ya mtaro uliokuwepo, kwa fedha ambazo zingejenga minara. Hesabu za mkongo zitengwe na hesabu za rejareja, bei ya jumla ichapishwe kwa wote, na idara ya rejareja ya TTCL inunue kwa orodha hiyohiyo. Shirika litapoteza upendeleo mdogo na kupata wateja wakubwa ambao leo wananunua kwa shingo upande.

Kutenganisha hesabu kutasaidia pia kusoma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo zimelitaja shirika hili zaidi ya mara moja kati ya yanayopata hasara. Hasara ya TTCL inatoka wapi? Kwenye kebo ya kwenda wilayani ambayo Serikali iliiagiza, au kwenye duka la laini lisilouza? Namba moja iliyochanganywa haiwezi kusema, na anayetaka kulitetea shirika anabaki na hisia tu, sawa na anayetaka liuzwe. Deni la taasisi za umma linaingia humohumo. Taasisi inayotumia huduma miezi tisa bila kulipa inakopeshwa na TTCL bila riba, na TTCL inalipia dizeli na matengenezo taslimu.

Tukitoka barabara kuu na kuingia mtaani tunakutana na huduma ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo itakayoamua hatima ya shirika kwa mteja wa kawaida: faiba hadi nyumbani, ambayo TTCL inaiita Faiba Mlangoni Kwako. Simu ya mezani ya shaba ilibeba intaneti ya ADSL ambayo kasi yake ilishuka kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na kituo. Ukizidi kilomita nne au tano, ilikuwa heri usiwe nayo. Faiba haina ugonjwa huo. Lakini ina yake, na inafaa mteja ayajue kwa sababu mafundi wengi wa makandarasi hawaelezi.

Mfumo unaotumika sana kwa faiba ya nyumbani ni GPON. Kituoni kuna mtambo uitwao OLT. Kila tundu lake linatoa uzi mmoja wenye uwezo wa gigabiti 2.5 kwa sekunde kushuka na 1.25 kupanda. Uzi huo unagawanywa njiani na splita, kijisanduku kisichotumia umeme, kwenda nyumba 32 au 64. Wote 32 wakipakua kwa nguvu sekunde ileile, kila mmoja anabaki na kama megabiti 78. Wakiwa 64, ni 39. Kwa kawaida hawapakui wote pamoja, kwa hiyo mgawanyo huo si wizi. Unageuka wizi pale kebo inayotoka OLT kwenda mkongo inapokuwa nyembamba: matundu 16 kamili yanayotegemea njia moja ya gigabiti 10 ni gigabiti 40 zinazojaribu kupita kwenye 10. Dalili yake haifichiki. Kasi ni nzuri saa nne asubuhi, mbaya saa mbili usiku, kila siku, nyumba zote za mtaa. Hapo hata ubadilishe rauta mara tano hutapona.

Tatizo la nyumba moja husomwa kwa namba nyingine, nguvu ya mwanga inayofika. Inapimwa kwa dBm, na kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo mwanga ulivyo hafifu. OLT inatoa karibu dBm +3. Splita ya kwanza ya njia nne inakula desibeli 7.3, ya pili ya njia nane inakula 10.5. Kilomita nne za uzi zinakula kama 1.2, konekta nne karibu 2, maungio sita 0.6. Jumla 21.6, kwenye rauta inafika kama dBm −18.6. Kifaa cha nyumbani kinaweza kusoma hadi karibu −27. Kuna akiba ya desibeli nane, na ndiyo inayoliwa na uzembe. Kebo iliyokunjwa kwenye kona ya fremu ya dirisha kama waya wa umeme, au kubanwa chini ya mlango, inaweza kupoteza desibeli tatu au tano. Konekta iliyoguswa kwa kidole na kuchomekwa bila kufutwa, mbili. Konekta ya kijani kuchomekwa kwenye tundu la buluu ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu uso wa kijani umekatwa kimshazari na wa buluu ni wima. Havigusani vizuri hata vikiingia. Ukijumlisha, uko −26: taa ni ya kijani, fundi amesaini, ameondoka. Mvua ya kwanza ikinyesha, taa ya LOS, ya kuonya kwamba mwanga umepotea, inawaka nyekundu.

Kwa hiyo fundi akimaliza kuunga, mteja aombe kuonyeshwa usomaji wa kipimo. Kati ya −15 na −23 ni kazi safi. Kuanzia −25 kwenda chini, asisaini. Kasi ipimwe kwa kompyuta iliyochomekwa waya kwenye rauta, na siyo kwa simu ukiwa chumba cha tatu. Ukuta wa tofali na masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz yaliyojaa rauta za majirani vinaweza kufanya faiba nzima ionekane mbovu. Rauta ikae katikati ya nyumba na juu, isifichwe nyuma ya televisheni. Na kuna hasara moja ya faiba ambayo vijana hawaijui: simu ya zamani ya mezani ilipata umeme wa volti 48 kutoka kwenye betri za kituo, kwa hiyo TANESCO wakikata, yenyewe iliita gizani. Faiba umeme ukikatika inazimika na rauta, ingawa mwanga bado unafika ukutani. Kwa ofisi ndogo, betri ya akiba ya volti 12 inamaliza tatizo, ilimradi plagi yake iingie kwenye rauta na volti zake zilingane na za rauta.

Kuhusu minara, Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. TTCL ilipata 104; Tigo 262, Vodacom 190, Airtel 168, Halotel 34. Ruzuku inasaidia kujenga, lakini mnara unaua kwa uendeshaji. Pasipo na gridi, jenereta la ukubwa wa kawaida la mnara linakunywa dizeli lita mbili hadi tatu kwa saa. Likiwaka saa zote ni lita 1,400 hadi 2,200 hivi kwa mwezi, bado hujamlipa mlinzi, wala gari la kupeleka mafuta hayo kwenye barabara inayojifunga masika. Kijiji kikiwa na wateja mia nne wanaonunua bando za mia tano na elfu moja, mapato hayafiki kwenye dizeli. Jua na betri ndiyo njia, jenereta likabaki la akiba. Na mnara mmoja ubebe kampuni zote. Minara miwili kwenye kilima kimoja, kila mmoja na jenereta lake, ni sadaka kwa wauza mafuta.

Intaneti iliyofikishwa Mlima Kilimanjaro mwaka 2022, kwanza Horombo kwenye mita 3,720 na baadaye hadi kileleni, ilipata picha nyingi. Ina kazi yake kwa uokoaji na kwa utalii, na kuibeza ni wivu. Lakini mpanda mlima anakaa siku sita, mwalimu wa shule ya kata anakaa mwaka mzima.

T-Pesa ilizinduliwa mwaka 2017, M-Pesa ikiwa tayari na miaka tisa nchini. Huduma ya pesa inakwenda kwa mawakala: mtu hafungui akaunti ambayo haina wakala jirani, na wakala hafungi fedha yake kwenye mtandao ambao haumleti mteja. Kuvunja mduara huo kwa matangazo haiwezekani. T-Pesa ikae kwenye eneo ambalo shirika tayari lina mteja: malipo ya faiba, ankara za ofisi, makusanyo ya taasisi za umma. Kuhamisha fedha kati ya mitandao siku hizi kunawezekana, hivyo wakala wa kutoa fedha taslimu anaweza kuwa wa yeyote.

Na anayetaka kuhamia laini ya TTCL na namba yake ya zamani hazuiwi na kitu. Kuhama bila kubadili namba kulianza Machi 2017: unakwenda na kitambulisho kwa mtandao unaohamia, unajaza fomu, unatuma neno HAMA kwenda 15080 kutoka kwenye laini yako. Maliza kwanza salio na bando, maana havihami, na uondoe fedha kwenye akaunti ya simu ya zamani. Ila kabla ya hayo yote, azima laini ya TTCL ya mtu, kaa nayo siku mbili nyumbani na kazini. Ramani ya mtandao inaonyesha wilaya. Wewe unaishi kwenye nyumba moja.

Moremi Marwa, aliyekuwa akiongoza Soko la Hisa la Dar es Salaam, alikabidhiwa shirika hili mwaka 2024. Anayetoka sokoni anajua kwamba mwekezaji hanunui asichoweza kukisoma. Cha kwanza kusomeka kiwe saa za mikato: kila mwezi, kwa kila kipande cha mkongo, ilikatika lini, iliungwa lini, nani alikata. Wakandarasi wa barabara wakiona majina yao kwenye orodha hiyo watapiga simu kabla ya kushusha kijiko. Cha pili kiwe kwenye fomu ambayo mteja wa faiba anasaini, mstari mmoja tu juu ya saini: nguvu ya mwanga, dBm, ilivyosomwa leo, na jina la fundi aliyeisoma.